Ridhaa ya Eneo Namba Tatu

Wete, 5 Agosti 2024

Mwalimu wangu Ngwali,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Ni Rahila, yule wa dawati la dirishani, uliyekuwa ukimwambia apumue kabla ya kujibu. Nimesikia masikio yamekusumbua na simu huipokei tena, ndiyo maana naandika. Barua anaileta Rajab, dereva anayepita Chake kila siku. Akirudi ataulizia jibu.

Nimepata kazi ya ukarani katika ofisi ya mradi wa kuhifadhi pwani. Nimo kwenye majaribio ya miezi mitatu. Meneja wetu, Bwana Seif, ni mtu mzuri asubuhi, lakini wafadhili wako Ulaya na kila kitu kinaandikwa kwa Kiingereza, na anayekiandika ni mimi. Aliyekuwepo kabla yangu aliondolewa. Nimeuliza kwa nini, wakanambia "Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea."

Mwalimu, mimi naogopa. Maneno ya Kiingereza nayajua moja moja, kama watu ninaowajua sura tu sokoni. Sijui nani ndugu ya nani, nani kamwoa nani. Najua "interested", sijui anatembea na nani. Najua "decision", sijui anabebwa na kitendo gani. Juzi niliandika "we did a decision to discuss about the boats", kisha nikaiangalia karatasi ile robo saa nzima, jasho linanitoka. Nilihisi kuna kitu kimekaa vibaya, nisijue ni kipi.

Nakuomba unifundishe tena. Nitajibu barua zako zote kwa wakati.

Mwanafunzi wako,
Rahila Hamdan


Chake Chake, 9 Agosti 2024

Rahila,

Wa alaykumu ssalaam. Marahaba. Barua yako imenikuta nimekaa na goti langu, tunatazamana. Masikio yamekwenda, goti linafuata, lakini macho bado yananitii.

Kwanza, kosa lako si aibu. Kila lugha ina ndoa zake. Sisi tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga simu, tunapiga mswaki, na hakuna anayekwenda hospitali. Alikuja mgeni mmoja shuleni kwetu zamani akasema "nimefanya simu nyumbani". Tulimwelewa, lakini tulicheka mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Basi na wewe unapoandika "did a decision", Mwingereza anakuelewa, ila anacheka kimoyomoyo.

"Decision" hubebwa na "make". "Interested" hutembea na "in". "Depend" humshika "on" wala hamwachii. "Responsible" huenda na "for". "Discuss" hataki mtu ubavuni: sisi tunajadili kuhusu jambo, yeye analijadili moja kwa moja, na ukimwekea "about" anakasirika. Usiulize kwa nini. Kwa nini tunapiga pasi?

Sasa shika ushauri huu, ndio wenye faida kuliko sheria zote. Usiunge maneno mwenyewe. Tafuta sentensi nzima iliyoandikwa na mtu anayejua, ichukue kama ilivyo, badilisha jina la mahali na tarehe. Ofisi yoyote ina mafaili. Mafaili yale ni duka la nguo zilizokwisha kushonwa. Ingia, chagua inayokukaa, vaa, toka.

Nami ni mwalimu wako,
Ngwali


Wete, 26 Agosti 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Ushauri wako umeniokoa. Nimesoma mafaili ya miaka sita na nina daftari la sentensi mia mbili na kumi na moja. Ijumaa Bwana Seif alisoma ripoti yangu, akaizungusha mezani mbele ya wote akasema, "Hiki sasa ndicho Kiingereza! Kinanukia udi!" Bakar wa stoo akanikonyeza, akanambia, "Bibie, utatuandikia na sisi barua za posa." Nilicheka, nikarudi kwenye daftari langu.

Lipo jambo moja. Kuna fomu ya kufunga sehemu za pwani ili samaki na pweza wazaliane. Swali la kumi na nne linauliza kama wakaazi wa eneo husika wameridhia. Nimeipata sentensi katika faili la 2021, lakini mchwa wamekula nusu yake. Limebaki neno "consent", lililofuata halipo. Je, ni "consent of", au "from", au "by"? Na ridhaa kwa Kiingereza huchukuliwa, hupewa au hupokelewa? Fomu inaondoka Jumatatu. Mimi nakuuliza maneno tu, mengine yapo kwa Bwana Seif.

Nisamehe kwa haraka.
Rahila


Chake Chake, 29 Agosti 2024

Rahila, binti yangu,

Swali zuri kuliko yote uliyowahi kuniuliza! Nimeamka nalo, nikalifikiria hata chai ikapoa.

Ridhaa haichukuliwi, maana hapo inasikika kama imeibwa. Kitendo chake kizuri ni "obtain". Na ridhaa ya watu ni "of". Mkutano nao huenda na "with" kwa wale mliokutana nao. Nakupa sentensi nzima, ivae kama ilivyo:

"Following a meeting with the elders, the consent of the community was obtained."

Yaani, baada ya mkutano na wazee, ridhaa ya wakaazi ilipatikana. Isome kwa sauti. Hakuna neno linalomkanyaga mwenzake. Ningekuwa bado nafundisha ningeiandika ubaoni na kuiacha wiki nzima.

Nawapongeza wazee hao, popote walipo, kwa kukaa na kusikilizana. Siku hizi ni nadra.

Ngwali


Chwaleni, 23 Septemba 2024

Mwanangu Rahila,

Hii ni barua ya shangazi yako Mwanawema. Mie nasema, Yumna anaandika. Nimemwambia asiongeze lake. (Sijaongeza. Yumna.)

Sote wazima ila hatuna raha. Wiki iliyopita wamekuja watu na gari, wamepiga vigingi vyekundu kutoka mwambani mpaka kwenye mikoko, wametandika kamba. Wanasema humo hapaingiwi miaka mitatu. Wanapaita Eneo Namba Tatu. Mwanangu, humo ndimo mlimo mwani wangu, kamba arubaini, na wa Bi Mize, na wa wanawake wote wa kuno. Bamvua limekuja, maji yametoka mpaka mbali, nasi tumesimama juu kama wageni, tunautazama mwani wetu unaoza.

Tukauliza, nani kasema? Wakajibu, "Wazee wenu wamekutana, wameridhia, karatasi ipo." Wazee gani? Hapana ntu aliyeitwa. Hata Sheha, mwenye kuiwakilisha serikali hapa, kaapa hajui. Basi watu wamemtupia lawama Mzee Kificho, kwa kuwa mwezi wa saba wageni wa mradi walipita wakapiga naye picha na wakampa kofia. Wanasema ndiye aliyetuuza. Hapana anayemwitikia salamu. Msikitini wanamwachia safu peke yake. Watu wa mchumba wa mjukuu wake Safaa wamesema posa isubiri kwanza. Yeye anasema, "Mie nilipewa kofia, sikuulizwa kitu." Nani anamsikiliza?

Sasa wamekata shauri. Ijumaa hii baada ya Alasiri kitasomwa kisomo cha halbadiri. Hawatasoma kwa jina la ntu. Watasoma juu ya yule aliyeusema uongo ule, awe nani, awe wapi, imrudi mwilini mwake na kizazini mwake. Mzee Kificho kasema na isomwe, na yeye atakaa mbele. Mie nimeshatoa ubani na tende.

Weye umo maofisini Wete. Tutafutie hiyo karatasi, utwambie nani kaiandika, ili nijue nnamwombea dua nani.

(Mama analia. Hili nimeongeza mimi. Yumna.)

Shangazi yako,
Mwanawema


Wete, 24 Septemba 2024

Mwalimu,

Sina salamu nzuri. Ni mimi.

Sentensi ile niliiandika kwenye swali la kumi na nne la Eneo Namba Tatu, na mkutano haukuwepo. Nilimuuliza Bwana Seif, akasema, "Weka tu kama ya mwaka ule, mkutano tutaufanya wiki ijayo inshallah, wazee hawatakataa, ni jambo la heri." Nikaweka. Wiki ijayo ikapita, na ile ya baada yake. Kila asubuhi nilikusudia kumkumbusha, kila asubuhi nikaona leo hana uso mzuri.

Na wewe nilikuficha. Nilijua ningekwambia hapajawa na mkutano usingenipa sentensi. Nilikuuliza "of" au "from" ili nisilazimike kujiuliza ndiyo au hapana.

Naapa sikujua kwamba Eneo Namba Tatu ni Chwaleni. Fomu ina namba tu. Lakini ramani ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ninao mimi. Sikufungua. Leo nimefungua. Namba tatu imechorwa juu ya mwani wa shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki.

Ijumaa wanasoma halbadiri. Shangazi yangu ametoa ubani nisomewe mimi, naye hajui. Sili. Nikisikia tumbo linanguruma nafikiri imeshaanza. Bwana Seif nimemwambia, akafunga mlango. Akasema, "Rahila, wewe ni karani. Karani haandiki, karani anaandikishwa. Nyamaza, majaribio yako yanakwisha mwezi ujao."

Nipe sentensi, Mwalimu. Ipo sentensi ya Kiingereza inayorudisha nyuma jambo bila ya kumtaja mtu. Nimeiona mahali, siikumbuki. Mpe Rajab kesho hiyo hiyo, nakuomba kwa Mungu.

Rahila


Chake Chake, 25 Septemba 2024

Rahila,

Rajab yupo mlangoni anapiga honi ambayo siisikii, ila naona mkono wake. Nitaandika kwa haraka.

Sentensi hiyo ipo. Ninazo tatu, na nzuri. Sikupi hata moja.

Nimekaa na barua yako tangu Adhuhuri na kila nikitaka kukugombeza naiona ile yangu. Nani alikwambia vaa nguo iliyoshonwa, toka? Nani aliwapongeza wazee asiowajua, kwa mkutano ambao hakuuliza ulikuwa lini? Miaka thelathini na mbili nimesahihisha insha kwa wino mwekundu. Sikumbuki hata mara moja kumuuliza mtoto, "Haya uliyoandika ni kweli?" Ilikuwa imeandikwa vizuri, nikatia vema.

Andika barua mbili. Moja kwa wafadhili, kwa Kiingereza chako mwenyewe, kibovu kilivyo. Nyingine kwa shangazi yako, na ifike kabla ya Ijumaa Alasiri. Mimi usinifiche. Waambie sentensi ilitoka kwa Ngwali wa Chake. Nimeambatanisha kikaratasi kwa Mzee Kificho kinachosema hivyo kwa mkono wangu. Ningekwenda mwenyewe, goti haliniruhusu kupanda gari.

Juu ya halbadiri, nami nimekulia Pemba, sitajifanya siogopi. Lakini Mzee Kificho amekubali kukaa mbele isomwe. Fikiri juu ya hilo zaidi ya tumbo lako.

Ngwali


Wete, 26 Septemba 2024

Shangazi Mwanawema,

Shikamoo. Yumna, kabla hujaendelea, funga mlango na umsomee mama peke yake. Ukifika mahali pagumu usiruke.

Shangazi, umeniuliza nani kaiandika karatasi. Niliiandika mimi. Niliandika kwamba wazee wamekutana na wameridhia. Hawakukutana. Bwana Seif aliniambia niandike, lakini mkono ulikuwa wangu, na nilijua siku ile kwamba si kweli. Sikujua kwamba ni Chwaleni, na sikutaka kujua ni wapi.

Mzee Kificho hakusema kitu, hakutia saini kitu, jina lake halimo popote. Waambie watu leo, kabla ya kesho. Kikaratasi hiki cha Mwalimu Ngwali apewe yeye mkononi.

Leo saa tatu asubuhi nimempelekea barua Bi Ingrid, mama wa Kiulaya anayesimamia fedha za mradi. Nimemwandikia kwamba hapakuwa na mkutano, kwamba aliyesema upo ni mimi, na kwamba wanawake wana mwani humo. Barua nzima ni mistari sita. Sikuifungulia daftari langu, na nina hakika ina makosa.

Siombi wasisome. Kama watasoma, nataka wajue wanamsomea nani. Na wewe ujue ubani wako unakwenda kwa nani.

Mimi niliyekukosea,
Rahila


Chwaleni, 28 Septemba 2024

Rahila,

Yumna kasoma mpaka katikati kanyamaza. Nikamwambia, soma. Akasoma. Nikamwambia, rudia. Akarudia. Kisha nikavaa kanga nikatoka.

Nilikwenda kwa Mzee Kificho kwanza, maana hata mie sikumwitikia salamu siku nane. Nikamwita mlangoni, nikamwambia, "Mzee, aliyekuvunjia heshima ni mwanangu, na mie nikamsaidia." Kachukua kikaratasi cha mwalimu wako, kasoma, kakikunja. Hakusema karibu, hakusema nenda. Nikaenda kwa Sheha. Nikaenda kwa Shehe wa msikiti. Nikaenda nyumba kwa nyumba, hata kwa wale watu wa mchumba wa Safaa. Kote nimesema jina lako. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nimesema.

Jana hawakusoma. Bi Mize alitaka isomwe hivyo hivyo, kasema, "Uongo ni uongo, hata ukisemwa na binti yetu." Shehe kamjibu kwamba halbadiri husomewa asiyejulikana, na huyu kajitaja mwenyewe, basi na aje asikilizwe. Lakini hawakurudisha ubani. Wameuweka.

Uje kesho Jumapili, baada ya Alasiri, kwenye baraza ya Mzee Kificho. Useme kwa mdomo wako. Karatasi zimetosha.

Mie nitakuwepo. Sijui kama nitakukumbatia au nitakupiga kofi. Uje tu.

Mwanawema

(Dada Rahila, vaa baibui lile jeusi la kawaida, si lile la ofisini lenye nakshi. Yumna.)


Chwaleni, 12 Oktoba 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Siko Wete tena. Bwana Seif alipojua nimemwandikia Bi Ingrid alinyoosha mkono tu, nikampa funguo. Aliniambia, "Umeniuza, Rahila," na uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa kuliko mimi. Sikulifikiria hilo kabla, kwamba na yeye alikuwa na mtu wa kumwogopa juu yake.

Bi Ingrid amejibu. Kamba zimeondolewa, vigingi vimebaki mpaka atakapokuja mwenyewe kukaa na wakaazi mwezi ujao. Kwa mwani ule hakuna cha kufanya, umeoza. Wanawake wameanza kupanda upya, nami nashuka nao maji yakitoka. Nafunga kamba vibaya. Bi Mize anazifungua zote na kunirudishia.

Nikwambie ya Jumapili ile. Baraza ilijaa, na waliokosa nafasi walisimama uani. Shangazi hakunikumbatia wala hakunipiga, alinishika kifundo cha mkono na kunikalisha mbele ya Mzee Kificho, akaendelea kunishika. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yote yalinikimbia. Nikasema, "Mzee, niliandika kwamba mmekutana. Hamkukutana. Nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi."

Mzee Kificho ni mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka, amevaa miwani iliyofungwa uzi. Akauliza, "Katika hiyo karatasi, nilisemaje?"

"Hukusema, Mzee. Iliandikwa ridhaa imepatikana."

"Imepatikana wapi? Njiani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa.

"Isome kwa hicho Kiingereza."

Nikaisoma, Mwalimu, ile uliyonipa. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Inasikika vizuri. Mtu akiisikia atadhani kweli tulikaa." Akavua miwani. "Siku nane sikuitikiwa salamu. Mke wangu alikuwa akinambia, wewe kumbuka vizuri, labda ulisema ukasahau. Hata yeye. Nikaanza kujiuliza mwenyewe, labda nilisema."

Hapo ndipo nilipolia. Si kwa halbadiri.

Shehe akamuuliza, "Mzee, unamsamehe?" Watu wakawa wanamtazama kwa namna ya kumhimiza, maana Magharibi ilikuwa inakaribia na kila mtu alitaka jambo liishe. Akasema, "Radhi nitampa, lakini si leo. Leo nina hasira, na nikisema nimesamehe nitakuwa nimesema jambo ambalo halipo. Tumeshaona linavyofanya." Akanigeukia. "Njoo Ijumaa."

Safaa amerudiwa na watu wa mchumba wake, ila anasema sasa yeye ndiye anayefikiri.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda. Mzee hakutoka ndani. Nilikaa barazani mpaka nikaona aibu ya kukaa, nikarudi. Jana nimekwenda tena. Alikuwa nje na wenzake wanne. Niliwaamkia, wakaitikia wote, na yeye pia. Akasogea kidogo, akanionyesha pembeni ya mkeka, akanimiminia kahawa kwa mkono wake.

Niliinywa pole pole, nikingoja. Walizungumza juu ya bei ya karafuu na mvua. Nilipomaliza akakipokea kikombe, akakifunika kwenye sinia.

"Ijumaa ijayo," akasema.

Nitakwenda.

Rahila